Usitume dipositi ya keja kabla hujaona hii

Wadau mambo, karibuni tena. Mimi ndio yule wa pikapu, kazi yangu ni kuhamisha watu hapa Nairobi, na kuna kitu kinanikera sana. Tunapakia vitu Umoja, tunafika Roysambu, tunapiga honi getini, soja anauliza mnaenda mlango gani, mteja akitaja namba anaambiwa hiyo nyumba iko na watu. Godoro liko juu ya gari, mvua inatishia, na aliyepokea dipositi amezima simu. Sasa leo nawaonyesha vile nyumba ya mtandaoni inakaguliwa.

Kutafuta tangazo siwafundishi. Hili nimelitoa Facebook saa hii, nyumba ya chumba kimoja cha kulala Kilimani, elfu kumi, maji na wifi ndani. Kilimani jamani, mtaa wa ghali vile! Hapo tu ungefunga simu ukalale, lakini twendeni. Ngoja, skrini inang'aa, nisogee kivulini… haya. Panua picha. Achana na kochi, hilo limewekwa likuroge. Angalia soketi ukutani, mnaona? Matundu mawili ya duara. Soketi zetu huku ni matundu matatu ya pembe, iwe Pipeline iwe Karen, kwa hivyo hii picha imepigwa nchi za watu. Piga skrinshoti, itupe kwa Google Lens utafute imetoka wapi. Lakini isipoleta kitu usifurahi haraka, kuna wajanja wanaiba picha za nyumba za hapa hapa.

Ukipiga simu, mwenye tangazo ataanza na pesa ya kuonyeshwa nyumba, "tuma elfu moja nikubukie". Usitume. Kuna maajenti wa kweli wanaitoza, hilo silikatai, lakini hao mnakutana kwanza. Muulize pia kama amesajiliwa na EARB, ile bodi ya maajenti wa nyumba, usikie atakavyokohoa.

Nenda mchana. Na kabla hujampigia ajenti kwamba umefika, pitia kwa mama mboga wa hapo nje, nunua hata nyanya za hamsini, umuulize kama hiyo ploti kuna nyumba tupu na keateka, yule msimamizi wa ploti, ni nani. Yule mama anajua nani amehama usiku na deni la nani. Mimi namwamini kuliko tovuti yoyote, halafu nyanya zake ni tamu.

Sasa hii sikizeni vizuri. Kuna jamaa anakodisha nyumba ya Airbnb siku mbili, anajifanya ajenti, ana funguo kabisa, anaingiza watu mmoja mmoja na kila mtu analipa dipositi yake. Umeingia ndani, umekalia kiti, na bado umeibiwa! Ukiona taulo zimekunjwa vizuri kitandani, vishampuu vidogo bafuni, karatasi ya nenosiri la wifi mezani, na yeye anaharakisha ati kuna mteja mwingine yuko njiani na pesa, toka nje umtafute keateka mwenyewe. Bisha mlango wa jirani pia, uulize kodi wanalipa wapi. Namba ya Paybill anayolipia jirani na ile umepewa wewe zikitofautiana, rudi nyumbani.

Kulipa ni hapa kwa app ya M-Pesa, nasogeza simu karibu… aah, boda hiyo, ngoja ipite. Haya. Weka namba, weka kiasi, SIMAMA. Jina limetokea. Lisome. Linafanana na lile liko kwa mkataba? Kama ni la "binamu yangu" ama "ofisi yetu nyingine", usiweke PIN. Narudia, usiweke PIN. Watu wanalipita hili jina kama tangazo la redio.

Kama tayari umetuma, usianze kumpigia umtukane, utapoteza muda. Sambaza ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 hapo hapo kuomba irudishwe, kwa sababu akishatoa pesa kwa ajenti wa M-Pesa kuirudisha ni ngumu. Halafu nenda kituo cha polisi uchukue namba ya OB, ile ya kuonyesha umeripoti, na usifute meseji hata moja.

Ukipata keja safi, namba ya pikapu iko hapo chini. Kitanda mkifungue kabla sijafika tafadhali, na mwisho wa mwezi piga mapema.