Kedleston: Jumba la Mgeni

Ahsanteni. Najua wengi mmekuja kwa ajili ya nguzo, lakini nawaombeni tuanzie jikoni.

Jiko la Kedleston Hall, kule Derbyshire, Uingereza, halimo ndani ya jumba lenyewe. Lina jengo lake upande wa magharibi, na chakula kilipitishwa kwenye ujia uliopinda kama mundu ndipo kifike chumba cha kulia. Moto na harufu vikae huko. Mchuzi ukipoa, basi. Upande wa mashariki lipo jengo jingine la kulinganisha, nalo lilikuwa la familia: humo ndimo walimoishi siku zao za kawaida. Sasa jiulizeni, jiko liko kule, wenyewe wako kule, hili jumba la katikati lenye fahari yote ni la nani?

Jibu limechongwa ukutani kwa upande wa kusini, mwaka 1765, kwa Kilatini: amicis et sibi. Kwa marafiki, na kwa nafsi yake. Tazameni nani katangulizwa. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sir Nathaniel Curzon, aliyekuja kuwa Lord Scarsdale, alimjengea mgeni huyo jumba zima.

Kazi ilianza 1759 kwa mchoro wa msanifu Matthew Brettingham. Akafuata James Paine. Aliyebaki nayo ni Robert Adam, Mskoti aliyekuwa amerejea kutoka Roma mwaka uliotangulia. Adam aliitwa ashughulikie bustani tu na vijumba vyake. Kufikia 1760 jumba zima limo mkononi mwake. Wasanifu vijana mnacheka, mnajua mteja anavyoponyoka.

Kijiji cha Kedleston nacho kilionekana kiko karibu mno. Kikahamishwa, na barabara ikahamishwa. Kanisa la kale peke yake ndilo lililobaki, limebanwa ubavuni mwa jumba kama mzee aliyegoma kuondoka shambani kwake.

Haya, tuingie. Mbele, kaskazini, ni kazi ya Paine: nguzo sita ndefu na pembetatu ya paa juu yake, kama hekalu. Ukivuka mlango unakutana na ukumbi wenye nguzo 20 za alabasta, jiwe laini la Kiingereza lenye mishipa ya rangi ya waridi, kila moja ya futi 25. Kuta hazina madirisha. Mwanga unashuka kutoka darini, kwa sababu Adam alitaka usimame kwenye ua wa ndani wa nyumba ya Kirumi. Kisha unafungua mlango wa pili, na kuta zinakuzunguka: chumba cha duara, kuba lake liko futi 62 juu, limeigwa kutoka Pantheon, hekalu la kale la Roma. Hata majiko ya kuotea moto yamefanywa yaonekane kama madhabahu. Huu kwangu ndio ufundi wake mkubwa: ua, kisha hekalu, hatua chache tu kati yake.

Ukitokea kusini kisha ukageuka, unaona ukuta ulioigwa kutoka tao la ushindi la Mfalme Konstantino kule Roma. Nguzo nne zimejitenga na ukuta, kila moja imebeba sanamu, na nyuma yake kuba linachungulia. Upande wa Paine umetulia tuli. Huu wa Adam unatoka mbele, unarudi nyuma, unapanda, unashuka. Mwenyewe aliuita mwendo. Waliomtangulia walijifunza Roma kupitia vitabu vya Palladio, msanifu wa Italia. Yeye alikwenda kupima magofu, na mwaka 1757 alifika Spalato, Split ya leo nchini Kroatia, kuipima kasri ya Diocletian, mfalme wa Roma: makazi ya mtu na si hekalu.

Mwandishi wa Kiingereza Samuel Johnson alizuru mwaka 1777 akasema jumba lingefaa kuwa ukumbi wa mji: mahakimu wakae kwenye ukumbi wa nguzo, wazee wa baraza wa mahakamani kwenye chumba cha duara, wafungwa juu. Alikejeli, lakini nadhani hakuna aliyelisoma jengo hili vizuri kumshinda.

Niseme pia kwamba ramani ilikuwa na majengo manne ya pembeni, kwa kufuata villa ya Palladio ambayo haikujengwa. Kedleston yalijengwa mawili. Kusini ni majani matupu hadi leo. Yote manne yalijengwa Calcutta, India: kati ya 1799 na 1803 Kapteni Charles Wyatt alilisimamisha jumba la gavana kwa kuiga ramani hiyo hiyo. Mwaka 1899 akahamia humo mtawala mpya wa India, George Curzon, mzaliwa wa Kedleston. Alizijua ngazi hata kabla ya kuzipanda. Jiko tu ndilo lilikuwa mbali zaidi kuliko la kwao: nje kabisa ya uwanja wa jumba.