Programu ndogo za kazi za kila siku

Ndugu zangu wa steshenari, habari za asubuhi. Leo nataka tuzungumzie programu ndogo, zile ambazo bando la siku moja linatosha kuzipakua zote na salio likabaki.

Nianze na Everything, programu ya kutafuta mafaili, iliyotengenezwa na voidtools. Wateja wetu mnawajua: "Naomba ile CV niliyochapa hapa mwaka jana." Unafungua folda, ndani yake folda nyingine, huku foleni inarefuka hadi mlangoni. Mimi nimewahi kuwachapia watu upya kazi zilizokuwa humo humo ndani ya mashine, na iliniuma kuwapotezea muda. Everything haipekui folda moja moja. Diski ya NTFS, yaani mpangilio wa kawaida wa diski za Windows, ina daftari lake la mafaili yote yaliyomo, na programu hii hulisoma daftari lile moja kwa moja. Andika "Juma", kabla hujamaliza jina, kila faili lenye herufi hizo limeshajipanga mbele yako. Kuipakua hakufiki MB 3, na hata kompyuta kuukuu inaimudu. Ila kwa kawaida inatafuta majina, si maandishi ya ndani. Kwa hiyo yale mafaili ya "Document1" tuyaache jamani. Andika jina la mteja, aina ya kazi na mwaka.

Nyingine, kumbukumbu ya vitu ulivyonakili, mnayo tayari, kwenye Windows 10 tangu 2018. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na V, kisha iwashe. Inatunza vitu 25 vya mwisho ulivyonakili. Unapomjazia mtu fomu, unanakili jina, namba ya NIDA na namba ya mtihani kwa mfululizo, halafu unabandika kimoja kimoja. Hapa nawasihi: namba ya mtu ni amana. Mteja akiondoka, futa vyote.

7-Zip ya Igor Pavlov hufungua mafaili yaliyobanwa, zip na rar, bure hata kwa biashara. IrfanView, iliyotoka 1996, inapunguza ukubwa wa picha hamsini kwa mkupuo. Ifungue, bonyeza B. Nyumbani ni bure, dukani inalipiwa, na tuilipie.

Haya, washeni mashine. Everything ipakueni kwenye tovuti ya voidtools yenyewe, si kwenye flashi ya jirani, kisha kila mmoja atafute faili alilokwisha kulikatia tamaa.