Swali la mtoto liulizwe CTC, mimba haijaingia

Wauguzi, washauri nasaha, shikamooni. Waelimisha rika, habari zenu.

Binti aliyezaliwa na VVU, leo ana miaka 19, amemeza dawa tangu hajajua kusoma. Kopo la dawa analitambua hata gizani. Asichokijua, mara nyingi, ni kama anaruhusiwa kuzaa, maana hakuna aliyemuuliza kama anataka. Tumemwambia "jitunze", tukageukia faili linalofuata. Akipata mimba anaificha, na tumbo linapomfichua miezi mitano imeshakwenda. Miezi hiyo ndiyo iliyokuwa na kazi yetu. Kwa hiyo nasema: swali la mtoto liulizwe CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU), kila hudhurio, kabla RCH (kliniki ya afya ya uzazi na mtoto) haijamwona.

Maneno machache yanatosha: "Mwaka huu ungependa kupata mtoto?" Akisema ndiyo, tazama majibu yake ya wingi wa virusi. Kama ni ya zamani, chukua damu siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya ratiba. Bila dawa, watoto 15 hadi 45 katika kila 100 huambukizwa wakiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au wakinyonya. Mama akitumia dawa vizuri wanashuka chini ya 5. Akiingia kwenye mimba virusi havionekani kwenye kipimo, vikabaki hivyo hadi mtoto anaacha ziwa, hushuka chini ya 1. Na mwenzi wake hapati maambukizi kwa njia ya ngono virusi visipoonekana. Hili vijana waambiwe wazi, wawili wawili ikiwezekana. Kama bado vinaonekana, asubiri kidogo, amalize ushauri wa ufuasi wa dawa, na mwenzi asiye na maambukizi apewe PrEP, dawa ya kumkinga na VVU.

Wengine bado wanaiogopa TLD, kidonge kimoja cha VVU chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, kwa sababu ya taarifa za Botswana za 2018, kwamba dolutegraviri huenda inaleta watoto wenye mgongo wazi. Takwimu zilipoongezeka, hofu hiyo haikuthibitika, na tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa wanawake wote, wajawazito wakiwemo. Asiache dawa hata siku moja kwa sababu ana mimba.

Kuna kosa dogo tunalolizaa wenyewe. Mjamzito anapewa vidonge vya kuongeza damu RCH, anarudi nyumbani anavimeza pamoja na TLD, tumbo tupu, ili asisahau. Madini ya chuma huing'ang'ania dolutegraviri tumboni, na dawa inapita bila kuingia mwilini ipasavyo. Kalsiamu nayo hufanya vivyo hivyo. Ama avimeze vyote pamoja na chakula, ama TLD itangulie kwa muda wa saa mbili, au ifuate baada ya saa sita kupita tangu vidonge vya damu. Rahisi zaidi ni TLD saa mbili usiku na vidonge vya damu saa nne asubuhi. Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini hazisaidiwi na chakula. Hizo zitenganishwe tu kwa masaa hayohayo.

Asiyetaka mtoto kwa sasa naye ana haki ya jibu kamili. Kipandikizi, yaani kijiti cha mkononi, kinakwenda vizuri na TLD. Kwa anayetumia efavirenzi, dawa nyingine ya VVU, nguvu ya kijiti hupungua na mimba huingia kijiti kikiwa mkononi. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya hivyo pia, tena inashusha dolutegraviri, kwa hiyo anahitaji miligramu 50 nyingine baada ya saa 12. Kitanzi hakiguswi na dawa hizi. Kondomu iendelee, kwa sababu kaswende na kisonono havizuiliwi na kijiti wala TLD.

Baada ya kujifungua ndipo mambo huharibika zaidi. Binti anapelekwa kwa mama mkwe, chumba kimejaa wageni, na kopo la vidonge linalia kila akiligusa. Anavihamishia kwenye karatasi, vinapata unyevu. Mpangieni kabla hajajifungua: vidonge vya wiki moja kwenye kikopo kidogo kikavu kinachobana, na mtu mmoja nyumbani anayejua. Virusi vikipanda wakati wa kunyonyesha, vinamfikia mtoto kwenye maziwa.

Mtoto aliyezaliwa na kilo 2.5 au zaidi anapewa nevirapini ya maji, dawa ya kumkinga na VVU, miligramu 15 kwa siku, yaani mililita 1.5, kwa wiki 6. Mwonyesheni mama kwa bomba lenyewe: avute hadi mstari wa 1.5, agonge povu lipande, asukume hewa itoke, aangalie tena mstari, kisha amimine polepole upande wa ndani ya shavu. Povu likibaki, mtoto amepewa hewa badala ya dawa. Mama ambaye virusi vyake viko juu, au aliyeanza dawa mwishoni mwa mimba, mtoto wake anahitaji dawa mbili, na kinga iendelee hadi wiki 12. Maziwa ya mama matupu miezi 6, bila maji wala uji.

Tone la damu la kumpima mtoto VVU huchukuliwa wiki ya 6, kisha miezi 9. Hapa wengi hupotea, wakidhani jibu la kwanza limemaliza habari. Mtoto hatolewi kwenye ufuatiliaji hadi kipimo cha miezi 18, au cha miezi mitatu baada ya kuacha ziwa, kile kitakachochelewa zaidi. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi ya mtoto siku anayozaliwa.