Darubini ya angani na ya ardhini, ipi kali?

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo nawajibu nyie mnaojaza komenti kila nikigusia anga, eti kaka, huko wameshaitupa darubini ya James Webb juu, sasa hayo madarubini ya milimani wanayajenga ya nini, si kuchoma hela tu? Ngojeni kwanza.

Ubaya wa kukaa chini ni hewa. Nyota haimeti wala nini, ni hewa ya joto na ya baridi inachanganyikana huko juu inapindapinda mwanga, yaani kama sarafu iliyo chini ya maji yanayotikisika. Mshairi anafurahi, mwanaastronomia analia. Na kuna mwanga usioonekana kwa macho haufiki kabisa, eksirei inaishia huko huko, altravioleti nyingi pia, na infraredi nyingi, yaani mwanga wa joto, inamezwa na mvuke. Hapo jenga kioo cha kukusanya mwanga ukubwa unaotaka, huambulii kitu, lazima upande juu.

Ndo maana darubini ya angani ya Hubble, imerushwa 1990, kioo mita 2.4 tu, picha zake mpaka leo ni moto. Webb ikafuata Desemba 2021, kioo mita 6.5, vipande 18, kilienda kimekunjwa ndani ya roketi, sasa hivi iko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa imejificha nyuma ya ngao ya tabaka 5, kwa sababu inasoma infraredi na yenyewe ikipata joto inaanza kujiona yenyewe. Dola bilioni 10 hivi. Ikiharibika je? Hubble ilipogundulika kioo chake kina kasoro wanaanga walienda kuitengeneza 1993, maana iko jirani tu, kilomita kama 500 juu. Webb sahau, fundi hafiki.

Huku chini kamera ikichoka unaichomoa unaweka nyingine. Halafu ukubwa jamani! Darubini za Keck kule Hawaii ni vioo viwili vya mita 10 kila kimoja, na Chile wanajenga darubini ya ELT yenye kioo cha mita 39, niambieni roketi gani itabeba hiyo.

Na hewa wameitafutia dawa, hapa ndo mimi huwa nachoka kabisa. Wanapiga leza mpaka kilomita kama 90 juu, kuna atomi za sodiamu kule zinawaka, inakuwa nyota feki, kompyuta inaangalia hewa inaivuruga vipi halafu kioo chembamba kinajipinda mamia ya mara kwa sekunde kuunyoosha mwanga. Ujanja huo uliwasaidia sana wanaastronomia Andrea Ghez pale Keck, na Reinhard Genzel na wenzake kule Chile, wakafuatilia nyota zinazozunguka katikati ya galaksi yetu miaka na miaka mpaka ikaonekana pale kuna kitu kizito kama majua milioni 4. Ghez na Genzel wakapata Nobel 2020. Kwa darubini za chini hizo hizo mnazoziita za kizamani.

Sisemi dawa inatibu yote, inafanya vizuri kwenye kipande kidogo cha anga, na eksirei bado hupati.

Ila kuna kitu watu hawakipigii hesabu, data. Webb inatuma kama gigabaiti 57 kwa siku, wakati darubini ya Rubin kule Chile, kioo mita 8.4 na kamera ya megapikseli 3,200, imeundwa kutoa kama terabaiti 20, yaani gigabaiti 20,000, kwa usiku mmoja. Zote hizo ungezishushaje kutoka umbali ule? Mimi ningepewa bajeti ya darubini moja tu, ningejenga mlimani. Haya, njooni tubishane kwenye komenti.