Eti Sisi Tumewashinda Wamarekani Weusi? Twende Parklands Kwanza

Habari zenu, watu wangu. Mkisikia honi za matatu nyuma yangu mnivumilie, leo sirekodi nikiwa Minneapolis, kule Marekani ninakoishi. Nimekuja nyumbani Nairobi likizo, niko mtaa wa Ngara, na Ngara hainyamazi kwa sababu mtu anarekodi video.

Tangu nitue uwanja wa ndege wa JKIA kuna jambo moja naambiwa na kila mtu. Dereva wa teksi, shemeji yangu, mama wa mboga, hadi mchungaji. "Nyinyi mkifika Amerika mnasoma, mnajenga, mnatuma pesa. Wale weusi wenyewe wa huko wamekaa miaka mia nne na hawana mbele wala nyuma. Shida yao ni nini?" Wanauliza, lakini jibu wanalo tayari mfukoni: wavivu, wamezoea kusaidiwa na serikali.

Na tusijifanye. Sisi tulio kule ndio tunaowaletea hiyo hadithi. Nenda kwenye sherehe yoyote ya Wakenya kule Minnesota, nyama ikishapungua kwenye sinia utamsikia mzee mmoja akianza: "Hawa watu wa huku wamepewa kila kitu." Wamepewa nini, hasemi.

Tofauti ipo, sitaikana. Shirika la utafiti la Pew lilipiga hesabu za mwaka 2019. Kati ya wahamiaji weusi wa miaka 25 kwenda juu, 31 kwa kila 100 walikuwa na digrii. Kwa weusi waliozaliwa Marekani, 22. Na ukiwaangalia waliotoka Afrika peke yao, idadi hiyo inapanda hadi karibu 40. Pesa vilevile: panga familia zote kuanzia ya chini hadi ya juu, chukua ile ya katikati kabisa. Ya mhamiaji mweusi ilikuwa ikiingiza dola 57,200 kwa mwaka, ya mweusi mzaliwa dola 42,000. Kwa hiyo mchungaji hakudanganya. Ila kuona tofauti ni jambo moja, kujua imetoka wapi ni jambo jingine, na hapo ndipo watu wetu huanza kubahatisha.

Kabla sijawapeleka Marekani, twende hapa jirani. Kutoka Ngara hadi Parklands, wanakoishi Wahindi wengi, ni mwendo mfupi tu.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alifanya kazi miaka mingi kwenye karakana moja kule Industrial Area. Tajiri wake alikuwa Mhindi, na alikuwa na msemo aliopenda kuwapa wafanyakazi siku ya mshahara. Aliwaambia babu yake alishuka kwenye jahazi pale Mombasa bila hata viatu, na sasa yeye ana karakana. "Nyinyi mko kwenye nchi yenu wenyewe. Mbona hamna kitu?" Baba alikuwa akirudi nyumbani Umoja na maneno hayo yamemkaa kooni, anakula kimya, halafu katikati ya ugali anauliza: "Huyu anajua mimi nilianzia wapi?"

Sasa niambieni. Swali la tajiri wa baba na swali la mchungaji lina tofauti gani? Mimi siioni. Kilichobadilika ni anayeulizwa. Ukiulizwa wewe, ghafla unaikumbuka historia yote.

Basi tuikumbuke. Tumezoea kusema Wahindi waliletwa kujenga reli wakabaki. Reli ilianzia Mombasa mwaka 1896, ikafika hapa Nairobi 1899, na Kisumu 1901. Vibarua walioletwa kutoka India walikuwa kama 32,000. Karibu 2,500 walikufa, wengi zaidi walirudi kwao, na waliobaki hawakufika 7,000. Waliokuja kujaza maduka ya Biashara Street wengi wao hawakushika nyundo ya reli. Walikuwa wafanyabiashara, wengi wa Gujarat, waliojilipia nauli wenyewe wakimfuata mjomba ambaye tayari alikuwa na duka na deni la kuwaanzishia. A. M. Jeevanjee, yule wa bustani ya Jeevanjee, alikuwa mfanyabiashara kabla hajapata kandarasi za reli.

Halafu serikali ya mkoloni ikafanya kazi yake. Mhindi alizuiwa kumiliki shamba kwenye nyanda za juu za Wazungu, kwa hiyo pesa yake ikaingia dukani na kiwandani. Kwake huo ulikuwa ubaguzi, na aliupigania. Lakini babu yako na yangu hawakuwa hata na huo mlango wa duka. Kuanzia mwaka 1920 hivi mwanamume Mwafrika alitembea na kipande shingoni, yaani kitambulisho cha lazima cha kazi. Kulima kahawa alikatazwa au akawekewa vikwazo hadi miaka ya 1950. Kulikuwa na sheria iliyobana mikopo ya Waafrika, hivyo muuzaji wa jumla hakuwa na sababu ya kukukopesha bidhaa hata kama anakuamini. Kazini mshahara ulikuwa na ngazi tatu, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, hata kwa kazi zinazofanana. Jamhuri High ambayo leo watoto wetu wanasoma ilikuwa shule ya Wahindi, ikiitwa Duke of Gloucester. Hata hapa Ngara niliposimama palikuwa pao. Sisi tulitengewa Pumwani, halafu Kaloleni, halafu huko huko Eastlands mpaka leo.

Na kuna jambo ambalo husikii likisemwa. Mwaka 1962 Kenya ilikuwa na watu wa asili ya Asia karibu 177,000. Sensa ya 2019 ilihesabu raia wa asili hiyo takriban 47,500 na wasio raia kama 43,000. Wengine walienda wapi? Mwaka 1967 zikaja sheria za vibali vya kazi na leseni za biashara, na wasiokuwa na uraia wakaanza kupanda ndege kwenda Uingereza, mbio mbio kabla Uingereza nayo haijafunga mlango mwaka 1968. Karani aliyekosa kibali aliondoka. Mwenye kibanda kidogo cha mashambani aliyenyimwa leseni aliondoka. Wengi waliobaki walikuwa na uraia, mtaji, au vyote viwili. Kwa hiyo unapowatazama Wahindi wa Parklands na kusema "hawa watu wote ni matajiri", unatazama unga uliokwisha pita kwenye chekeche. Pumba ziko Leicester, kule Uingereza.

(Na hata hao si wote matajiri. Pandeni ngazi za ghorofa za zamani hapa Ngara mtawaona wazee wa Kihindi waliopanga chumba kimoja. Halafu msisahau kwamba Makhan Singh, aliyewaunganisha wafanyakazi weusi na Wahindi wa mji huu, aliwekwa kizuizini kuanzia 1950 hadi 1961. Huyo hakuacha kiwanda.)

Sasa tupande ndege.

Mimi nilifika Marekani kwa bahati nasibu ya grinkadi, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi kule. Watu wakisikia bahati nasibu wanadhani ni kama kamari, yeyote anashinda. Hapana. Ili uruhusiwe kushiriki ilibidi uwe umemaliza sekondari, au uwe na miaka miwili ya kazi inayohitaji mafunzo. Ukichaguliwa ulienda Gigiri, kwenye ubalozi wa Marekani, kwa mahojiano, vipimo vya hospitali, cheti cha polisi, nauli. Anayekwenda na viza ya mwanafunzi lazima aonyeshe pesa benki, na nyote mnajua zinavyopatikana: shamba linauzwa, harambee inaitishwa, kila shangazi anatoa. Kila hatua inaacha watu nyuma. Waliokataliwa Gigiri hawamo kwenye hesabu za Pew. Binamu yangu aliyeishia darasa la nane hamo. Kijana wa mabanda ya Mathare ambaye hajawahi kuwa na pasipoti hamo. Sisi tuliomo ni wale ambao hata hapa nyumbani tungekuwa mbele kidogo.

Halafu tunachukua kundi hilo lililochujwa, tunaliweka kando ya Wamarekani weusi zaidi ya milioni 40, wote kabisa, mwenye shahada ya uzamivu na aliyeacha shule, daktari na mlevi, na tunasema damu yetu ni bora! Kama ni damu, damu si iko Mathare pia? Iko Kibera, iko Turkana. Mbona huko haifanyi kazi?

Na wao walianzia wapi? Tangu 1619 hadi 1865, utumwa. Hilo mnalijua. Msilolijua ni lililofuata, kwa sababu kwenye sinema halionyeshwi. Nitawaambia la mji ninaoishi. Minneapolis, kuanzia mwaka 1910, hati za nyumba nyingi ziliandikwa kabisa kwamba nyumba hii isiuzwe wala kupangishwa mtu mweusi. Imeandikwa kwenye hati! Mwaka 1934 serikali kuu ikaanza kudhamini mikopo ya nyumba, Wazungu wakanunua kwa riba ndogo, na mitaa ya weusi ikachorewa wino mwekundu kwenye ramani, maana yake hapa benki zisikopeshe. Ng'ambo ya mto, mjini St. Paul, weusi walikuwa na mtaa wao ulioitwa Rondo, wenye maduka yao, makanisa yao, nyumba za kununua. Miaka ya 1950 na 1960 serikali ikapitisha barabara kuu katikati yake. Mamia ya familia zikahamishwa. Mimi huipita barabara hiyo nikienda zamu.

Nyumba ndiyo urithi wa mtu wa kawaida kule, kama shamba kwetu. Ndiyo maana mwaka 2022 familia ya Kizungu ya katikati ilikuwa na mali ya dola 285,000, na ya mtu mweusi dola 44,900. Hiyo haizibwi na zamu za usiku.

Kuna watu wataniambia, mbona unawatetea, hata sisi tulitawaliwa. Sawa. Basi jibuni hili la Wasomali, ambalo ndilo lilinifungua macho zaidi.

Eastleigh mnaijua, ule mtaa wa maduka ya Wasomali hapa Nairobi. Mapema miaka ya 1990, Garissa Lodge ilikuwa gesti, wakimbizi wa Kisomali wakaanza kuuza bidhaa vyumbani, kitanda kikatolewa, rafu zikaingia. Leo nusu ya Nairobi inavalia Eastleigh. Ukimuuliza Mkenya yeyote atakwambia Msomali amezaliwa na biashara. Haya, watu hao hao, ukoo huo huo, miaka hiyo hiyo, walipelekwa Minnesota kama wakimbizi. Wengi walitoka kambini, hakuna aliyewauliza cheti cha sekondari. Na kwa miaka mingi takwimu za umaskini kule zimewaonyesha wakiwa maskini kuliko wastani wa jimbo, tena kwa mbali. Kwenye zile sherehe zetu, yule yule mzee anawaita Wasomali wavivu. Akija Nairobi anawaita wajanja. Undugu wa Eastleigh, mikopo ya kuaminiana, mzigo wa Dubai, mteja mlangoni, vyote hivyo vilibaki huku. Kule walikuta baridi na kazi za viwanda vya nyama. Hata hivyo wanapanda, watoto wao wanasoma, na maduka yao pale Minneapolis yanaanza kufanana na ya Eastleigh.

Sijasema bidii haina kazi. Nimefanya zamu mbili mfululizo kwenye nyumba ya wazee, nikasoma uuguzi nikisinzia, na simruhusu mtu aniambie nilipewa. Bidii inaeleza kwa nini mimi niko mbele ya Mkenya mwenzangu tuliyefika naye. Haielezi makundi mawili ambayo hayakuanzia mstari mmoja.

Na bado kuna deni. Mwaka 1959 Tom Mboya, mwanasiasa na kiongozi wetu wa wafanyakazi, alipotafuta namna ya kuwapeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege, waliosimama wakamwombea pesa ni Jackie Robinson wa besiboli, Harry Belafonte mwanamuziki na Sidney Poitier mwigizaji. Watu weusi wa huko huko, wakati ambao wao wenyewe katika majimbo ya kusini hawakuruhusiwa kukaa meza moja na Mzungu hotelini. Wangari Maathai alikwenda kwa mpango huo mwaka 1960. Halafu sheria ya uhamiaji iliyotufungulia njia sisi wa baadaye ilitiwa saini mwaka 1965, mwaka ule ule wa sheria iliyolinda haki ya weusi kupiga kura, nchi ikiwa bado inatikisika kwa maandamano yao. Wao ndio walioumwa na mbwa wa polisi. Mimi nilipofika nilijaza fomu tu.

Msidhani pia kwamba lafudhi yetu inatukinga. Amadou Diallo alikuwa mhamiaji kutoka Guinea, muuza bidhaa za barabarani New York. Mwaka 1999 polisi walimfyatulia risasi 41 mlangoni kwake, akiwa na pochi mkononi. Hakuna aliyemuuliza kwanza kama ni Mwafrika mwenye bidii.

Nina mtoto wa kiume, anaingia darasa la tano. Amezaliwa Minneapolis, Kiswahili chake ni cha kuomba chapati tu. Akikua, watafiti wakija na hesabu zao, hatahesabiwa upande wangu. Ataandikwa mweusi mzaliwa wa Marekani, upande ule wa 22 kwa 100. Na mchungaji wetu, au atakayemfuata, atauliza hao nao shida yao ni nini.

Haya, simu inakufa chaji. Kesho naingia Eastleigh kununua dera za mama, nitajaribu kuwahoji wenye maduka wawili watatu kama watakubali kamera. Wanaotaka niwaulizie bei za jumla waandike hapo chini.