Bango la Chapati kwa Herufi Nene za Kizamani

Habari zenu, ndugu watazamaji. Leo tunatengeneza bango la mama mmoja anayekaanga chapati hapa Wandegeya, Kampala. Maneno ni mawili tu: CHAPATI MOTO. Fonti yetu ni Abril Fatface. Inapatikana bure Google Fonts. Ipakue, isakinishe, halafu fungua Inkscape, programu ya kuchora kwenye kompyuta.

Kwanza tazameni H hii, nimeikuza. Nguzo mbili nene kama magogo, katikati uzi mwembamba, na kwenye ncha za nguzo kuna vikanyagio, yaani vile vistari vidogo kama nyayo. Herufi za namna hii zilianza London mwanzoni mwa karne ya 19, matangazo ya ukutani yalipoanza kugombania macho ya wapita njia. Kazi yake tangu zamani ni barabarani, na ndiyo maana naipenda. Usiiandikie maelezo marefu, inachosha macho. Bei na namba ya simu zipe fonti nyepesi isiyo na vikanyagio.

Haya. Bonyeza Ctrl, Shift na D, weka ukurasa wa A3 uliolala: milimita 420 kwa 297. Andika CHAPATI, ikuze ijaze upana, ukiacha nafasi pembeni. MOTO ikae chini yake.

Hapa sasa naomba subira yenu. Angalieni P na A. P iko wazi chini, A imechongoka juu, basi katikati pamebaki pengo. A na T vilevile. Ukiliacha hivyo, mtu wa boda boda akipita atasoma vipande vipande. Weka kielekezi cha kuandikia katikati ya P na A, shikilia Alt, gonga mshale wa kushoto. Tena. Tena kidogo. Usitumie rula, finya macho mpaka herufi zigeuke vivuli, ulinganishe weupe uliopo kati yake. Mimi hapa hutumia dakika kumi nzima, na sizionei uchungu.

Ukiridhika, hifadhi nakala, kisha chagua maneno yote ubonyeze Shift, Ctrl na C. Herufi zinageuka michoro. Msiruke hatua hii! Niliwahi kupeleka kazi Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, bila kuifanya. Kompyuta ya duka lile haikuwa na fonti yangu, ikaweka nyingine, na mabango hamsini yakachapwa hivyo hivyo.

Kivuli cha kizamani ni rahisi: Ctrl na D kupata nakala, ipake rangi ya matofali, bonyeza Page Down ishuke nyuma, isogeze kidogo kulia na chini.

Kabla ya kulipia rangi, chapa nakala moja nyeusi kwenye A4, ibandike ukutani, vuka barabara. Ule uzi wa H ukipotea, punguza nafasi za pembeni, ukuze herufi, ujaribu tena. Ukionekana, toa PDF upeleke kwa mchapaji.