Michael Armitage na gome linalobishana na brashi

Mabibi na mabwana, wanafunzi wa sanaa, na ninyi wenzangu mnaoishi kwa kununua na kuuza picha, karibuni. Niseme jambo moja mapema ili tuelewane: simuuzi Michael Armitage, sijawahi kumuuza, na kwa bei zake za sasa sitamuuza. Kwa hiyo nikimsifu msinishuku, na nikimkosoa mnivumilie.

Wengi mnamfahamu. Alizaliwa hapa Nairobi mwaka 1984, akasomea uchoraji London, kwanza Slade, kisha shule ya Royal Academy aliyomaliza mwaka 2010. Huchora watu, na huchora matukio ambayo sisi tuliyasoma magazetini. Watu wakiieleza safari yake huipanga kwa mada: kwanza shambulio la kigaidi la duka la Westgate, halafu uchaguzi, sasa wahamiaji. Mimi naona mada ndiyo iliyobadilika kidogo zaidi. Tangu mwanzo amekuwa akichora watu walio mashakani na watu wanaowatazama. Kilichobadilika ni jinsi anavyoelewana na kile anachochorea, na hapo ndipo nitakapowaweka kwa muda, maana picha huuzwa kwa hadithi lakini hukaa ukutani kwa sababu nyingine kabisa.

Armitage haweki rangi kwenye turubai ya kawaida. Anatumia lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba inayotengenezwa na Waganda. Gome la ndani huambuliwa msimu wa mvua, shina likafungwa majani ya mgomba ili lipone na kuotesha gome jipya, kisha mafundi huligonga na kuligonga kwa nyundo za mti hadi litanuke na kulainika. Ni nguo ya kutawazia wafalme na kuzikia wafu, na UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2005. Armitage alikutana nayo kwenye soko la vitu vya watalii papa hapa Nairobi, ikiwa imegeuzwa vitambaa vya mezani. Hebu fikirini: sanda ya mfalme chini ya glasi ya bia ya mgeni. Kabla hajaweka hata tone la rangi, nusu ya mambo anayotaka kuyasema yamekwisha kusemwa na hicho kitambaa.

Sasa sogeeni karibu na picha yenyewe. Kitani kizuri hukaa kimya, brashi ikafanya itakavyo. Lubugo haitulii. Ina matundu, ina mikunjo, ina mishono minene pale vipande vilipounganishwa. Ukiivuta kwenye fremu, upande mmoja unakaza na mwingine unalegea. Yeye hupaka rangi ya mafuta nyembamba, tabaka juu ya tabaka, kisha huikwangua na kupaka tena. Rangi ile inazama kwenye vishimo na kuparaza juu ya matuta, kiasi kwamba uso wa mtu mmoja una ngozi mbili. Kwa mbali unaona kijani na waridi vinavyobembeleza macho. Kwa karibu unaona kovu lililoshonwa, na mahali pengine unaona tundu.

Katika kazi za mwaka 2014 na 2015, nadhani bado alikuwa akishindana na gome hili. Hornbill, iliyobeba kwenye jina lake tarehe za shambulio la Westgate, 21 hadi 24 Septemba 2013, na Kampala Suburb, yenye wanaume wawili wanaobusiana, iliyochorwa mwaka uleule sheria ya Uganda dhidi ya mashoga ilipotiwa saini, ni picha za ujasiri. Lakini ndani yake mada inatembea mbele, picha inafuata nyuma. Ukishajua habari, umemaliza kazi mapema mno.

Chukueni #mydressmychoice ya 2015. Mnakumbuka Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo hadharani na wanaume katikati ya jiji, na wanawake wakaandamana. Armitage alimlaza mwanamke uchi, ametupa mgongo, kwa mkao wa Venus, mungu wa kike wa mapenzi, katika picha ya Mhispania Velázquez iliyoko London. Juu yake kuna miguu ya wanaume waliosimama, viatu vyao vimejipanga, nyuso zao zimekatwa na ukingo wa picha. Ni wazo la akili sana: mtazamaji anajikuta anamtazama pamoja nao, naye hana pa kujificha kwa kuwa Ulaya imefundisha kwa karne nyingi kwamba mwili wa namna hiyo ni wa kutazamwa tu. Naiheshimu picha hii. Ila mimi naiona kama hoja iliyoshinda kesi. Nikishaielewa, hainiiti tena kwa nguvu ileile.

Mlango ulianza kufunguka mwaka 2016 na Baikoko at the Mouth of the Mwachema River. Mto Mwachema unaingia baharini kule Diani, na baikoko, ngoma ya kukata viuno, kila mtu wa pwani anaijua, hata wanaojifanya hawaijui. Hapa hakuna kesi ya kushinda. Kuna viuno, kuna maji, na kuna gome linaloachwa liamue mwili uanzie wapi.

Halafu ukaja uchaguzi. Mwaka 2017 Armitage alifuatana na waandishi wa televisheni hadi mkutano wa upinzani Uhuru Park, akarudi na kile alichokiona kwenye umati. Katika The Fourth Estate wanaume wamepanda mtini ili waone vizuri, na namna walivyokalia matawi inatoka kwa Goya, mchoraji wa Hispania, kwenye chapa zake za vituko. Sisi sote tumeuona mti ule. Kila mkutano una mti wake, na kila mti una kijana mmoja aliye juu kuliko busara inavyoruhusu. Armitage haelezi nani alikosea wala nani aliibiwa. Unabaki na furaha ya mkutano na hofu ya tawi kuvunjika, vyote kwa pamoja, na mishono ya gome inapita kwenye miili bila kufichwa. Kwangu mimi, picha hizi za uchaguzi, zilizofika Venice Biennale, maonyesho makubwa ya sanaa huko Italia, mwaka 2019, ndizo kilele chake mpaka leo. Nani mwingine ametuchora tukiwa wachekeshaji na wenye kutisha kwa wakati mmoja?

Mwaka huohuo soko likapandwa na wazimu. The Conservationists, picha ya 2015, ilikadiriwa na nyumba ya mnada ya Sotheby's kwa dola zisizozidi 70,000, ikauzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 1.5. Wanafunzi, msipotoshwe na tarakimu hizo. Fedha za mnada humwendea aliyeiuza picha. Mchoraji hubaki na kelele, na kelele hizo zimewaharibu wengi, wakaanza kurudia kilichouzwa.

Yeye hakurudia. Alifanya jambo ambalo wafanyabiashara kama mimi hatulitarajii: aliwaita wazee. Katika Paradise Edict, maonyesho yaliyoanzia Munich mwaka 2020 na kufika Royal Academy mwaka 2021, alitenga nafasi kwa wachoraji wa Afrika Mashariki waliomtangulia: Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Elimo Njau, Asaph Ng'ethe Macua, Meek Gichugu na Sane Wadu. Wakosoaji wa Ulaya waliozoea kumfananisha na Gauguin, Mfaransa aliyeichora Tahiti kama paradiso ya macho ya wageni, walilazimika kusimama mbele ya Gichugu, wakaona miili inayopindana na kugeuka ilikuwa ikichorwa Kenya zamani. Mwaka 2020 pia alianzisha NCAI, taasisi ya sanaa ya kisasa, hapa jijini, ambako kazi za Wadu zilionyeshwa kwa upana unaostahili.

Lawama ya Gauguin sitaitupa yote, lakini. Uzuri wa Armitage una hatari yake. Majani yale, machweo yale, zambarau ile: kuna picha ambazo mnunuzi wa mbali anaweza kuzitundika juu ya kochi akaiona Afrika aliyoitaka, asimwone kabisa mtu anayeteseka chini ya mnazi. Gome hupunguza utamu huo likiachwa liseme. Likifunikwa sana, utamu unashinda.

Ndiyo maana kazi za wahamiaji, alizoonyesha New York mwaka 2025 kwa jina Crucible, nazipokea kwa tahadhari. Jangwa na bahari zimekwisha kuchoshwa na kamera, na mtazamaji huja na huruma yake tayari mfukoni. Pale Uhuru Park alikuwa na vichekesho vya kumsaidia kuivunja huruma hiyo. Hapa hana. Mkono wake ni imara kuliko ulivyokuwa mwaka 2014, hilo halina ubishi, lakini sijashawishika kwamba amepata kwa safari hizo kitu cha ajabu kama alichokipata kwenye ule mti.

Mtabishana nami, na mna haki, ila wengi wenu mtabishana kwa kutumia simu. Picha ya simu inalibana gome likawa bapa, mishono inapotea, matundu yanakuwa madoa, na kinachobaki ni rangi nzuri na habari ya gazeti, yaani hasa zile sehemu mbili ambazo nimesema zisiaminiwe peke yake. Mkenya anayetaka kuzikagua kazi kubwa za mchoraji huyu kwa kawaida anahitaji pasipoti na viza. Wakusanyaji mliokaa safu ya mbele, hilo nawaachia ninyi. Tuanze maswali.